Karatasi Mbichi za Bi Kisigino

Wenzake walimwita Bi Kisigino, maana kazi yake ilikuwa kutoboa visigino vya vichanga. Miaka kumi na tisa, mchezo? Kila mama mwenye virusi vya Ukimwi alimleta mwanawe wa wiki sita kwenye chumba cha mwisho cha zahanati. Bi Kisigino akadunga, akakamua matone matano juu ya karatasi nene, nayo ikapelekwa maabara ya mbali kuona kama mtoto ameambukizwa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, sikatai. Ulimi ndio haukuwa na breki.

Sasa karatasi ile lazima ikauke hewani saa kadhaa. Lakini mwenye pikipiki ya kubeba sampuli alipita mara moja kwa wiki, saa nane mchana, na Bi Kisigino hakupenda aondoke na mfuko mwepesi. Za asubuhi zilikauka. Za saa saba alizipepea kwa jalada la faili, akazitia kwenye bahasha na ubichi wake. "Zitakaukia njiani," alisema.

Wapi! Ziliota ukungu. Maabara ikarudisha vikaratasi: sampuli imeharibika, mwite mama, mtoto apimwe upya. Kumwita mama ni kukiri umeboronga, na Bi Kisigino kukiri? Thubutu! Alivisokomeza kwenye droo chini ya pamba, na akina mama akawaambia wasihangaike, mwenye tatizo yeye mwenyewe atamwita.

Kati yao alikuwemo fundi cherehani mmoja, mwembamba, mwenye binti mchanga. Alimeza vidonge vyake bila kukosa hata siku moja, na mtoto alimnywesha dawa yake ya maji kwa saa. Alichotaka duniani ni kimoja tu: mwanawe asiupate. Kila mwezi alikuja kuuliza.

"Shikamoo mama. Majibu ya mwanangu?"

"Nimekuita?"

"Hapana."

"Basi unatafuta nini, mwanangu? Ugonjwa kwa tochi?"

Benchi zima likacheka, benchi la wenye siri moja. Fundi naye akacheka, roho kwatu.

Mwezi wa tano wa kuulizia, mtoto alikuja na utando mweupe mdomoni, uzito umeshuka. Bi Kisigino alijua mara moja alichokuwa akikiona. Angeweza kumpima upya na kumwanzishia dawa palepale, kwani dawa za watoto zilikuwa kabatini, hatua nne tu. Lakini siku hiyo msimamizi alikuwa ameketi chumbani akikagua daftari, na angeuliza kipimo cha kwanza kiko wapi. "Meno hayo," akasema, akampa fundi dawa ya homa. Jamani! Mtoto wa watu anakwisha, mtu mzima anaogopa kuulizwa swali. Nikifika hapa damu hunichemka.

Alijiapiza kumpima wiki inayofuata, akamwambia fundi amrudishe. Wiki hiyo fundi hakuja, wala iliyofuata. Alikuja baada ya mwezi mzima, mgongoni hana mtoto.

Amejua, aliwaza Bi Kisigino, leo naumbuka. Kumbe fundi alimshika mikono yote miwili.

"Nimekuja kukushukuru, mama. Mkwe wangu ananisimanga kila siku kwamba nimemuua mtoto kwa damu yangu. Nikamwambia, muuguzi hakuniita hata mara moja, ilikuwa nimonia tu! Si mimi, sivyo mama? Niambie si mimi."

"Si wewe," alisema Bi Kisigino.

Fundi akalia kwa kwikwi, akalia mpaka akatua mzigo. Kisha akamgeukia binti aliyekaa benchini na kichanga chake, macho mekundu kwa kusubiri majibu. "Mdogo wangu, usijitese. Mimi sikuitwa, na mwanangu mpaka anazikwa hakuwa nao. Rudi nyumbani ukanyonyeshe."

Binti akamtazama muuguzi. Kikaratasi cha mtoto wake kilikuwa kimefika asubuhi ileile, kiko mezani chini ya kiwiko cha Bi Kisigino: sampuli imeharibika. Kumwita ni kumwambia, na kumwambia mbele ya fundi ni kumrudishia fundi maiti ya mwanawe mikononi. Ndivyo Bi Kisigino alivyojiambia, tena alijiona ana huruma.

Binti akajifunga mtoto mgongoni, akashukuru, akatoka.

"Anayefuata!" akaita Bi Kisigino.