Sikio la Kulia la Chiriku

Kwa miaka ishirini na mbili, mtu akirudi kwa Bi Nukta na sikio lililovimba, aliulizwa swali moja kabla hata ya kuonyeshwa kiti: "Nani ameligusa?" Siyo limeanza lini, siyo linauma vipi. Nani ameligusa. Na kila mara mkosaji alipatikana. Mara shangazi aliyekuwa akizungusha hereni ili isigande, mara mama aliyepaka mafuta ya kupikia, mara mwenye sikio mwenyewe, asiyejua kusoma bila kuchezea hereni. Bi Nukta alitikisa kichwa, akanawa mikono hadi viwikoni, akasafisha kidonda huku akisema, "Mimi kazi yangu niliifanya sawasawa. Nyinyi ndio mmeiharibu." Na tusimwonee: kazi yake aliifanya sawasawa.

Jina la Bi Nukta lilitokana na kalamu. Kabla ya kutoga sikio aliweka nukta ya wino kwenye ndewe, ile nyama laini ya chini, kisha akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akaifuta, akaiweka tena. Wateja wengine walisinzia kitini wakisubiri nukta zilingane. "Hereni moja ikishuka," alisema, "uso wote unaonekana umekasirika." Kila mtu na sindano yake mpya, kila mtu na glavu zake mpya. Akimaliza alitoa maelezo, na hukutoka mlangoni mpaka umeyarudia kwa mdomo wako: maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi kidogo, pamba safi, asubuhi na jioni. Usizungushe. Usivue. Usipake spiriti, usipake mafuta, usipake chochote. Wiki sita.

Chumba cha kazi alikigawana na msusi, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Viti vilikuwa viwili, ndoo mbili, na kioo kimoja kikubwa ambacho kilikuwa cha msusi. Walikuwa wamekaa hivyo miaka kumi na moja bila kununiana hata siku moja, jambo ambalo kwa wanawake wawili wenye midomo ile lilikuwa la kushangaza.

Sasa Bi Nukta alikuwa na mjukuu wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa sababu aliamka akiongea na kulala akiongea. Mama yake, binti wa Bi Nukta, alikuwa amehamishiwa kazi mji wa mbali kwa mwaka mmoja, naye akamwacha mtoto kwa bibi na babu. Mtoto alipoanza kulilia hereni, mama yake alipiga simu. "Mama, kwa mtu mwingine ningekataa. Masikio yake nakuachia wewe."

Bi Nukta hakuwahi kuweka nukta kwa uangalifu kama siku ile. Aliifuta mara saba.

Sikio la kushoto lilipona vizuri, kama kitu kilichosoma maelezo na kuyafuata. La kulia lilianza kuwa na wekundu siku ya kumi. Siku ya kumi na mbili ngozi ikawa na vipele vidogo na kuwasha, siku ya kumi na nne ikaanza kutoa majimaji. Bi Nukta akaongeza usafi. Akachemsha maji mara nne kwa siku badala ya mbili. Sikio likazidi. Mkono uleule, sindano ya pakiti moja, hereni za kadi moja, chumvi ya mkebe mmoja. Moja linapona, moja linaoza! Hapo ndipo alipoanza kuogopa, na mtu wa aina yake akiogopa haogopi kimyakimya. Anatafuta mtu.

Alianza na mtoto. "Nani ameligusa?"

"Hakuna, bibi."

"Umelichezea darasani."

"Sijalichezea, bibi. Hata mwalimu muulize."

Alimuuliza mwalimu. Mwalimu akasema mtoto siku hizi hata haongei, anakaa ameshika mikono mapajani. Hilo lilimchoma Bi Nukta kuliko angeambiwa analichezea.

Akamgeukia mumewe, mzee mpole aliyekuwa akimwogesha mtoto asubuhi. "Wewe na sabuni zako."

"Sabuni inaishia shingoni," babu alisema. "Ulinionyesha mwenyewe mwisho uwe wapi. Hebu mpeleke kwa nesi."

"Kwa nesi! Watu wanaletwa kwangu na manesi, mimi nimpeleke kwa nesi?"

"Mganga hajigangi, mke wangu."

Alimnunia mzee siku mbili kwa maneno hayo.

Jumapili mama mtu alipiga simu ya video. Bi Nukta alimkalisha mtoto ubavu, sikio la kushoto likaelekea kwenye simu. "Jamani, limependeza!" binti yake alisema kutoka huko. "Na la pili?" Bi Nukta akasema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa ukikatika hata kidogo. Chiriku alimtazama bibi yake, akafumba mdomo, naye Bi Nukta akaona aibu ambayo hakuwa ameionja tangu utotoni.

Jumatatu, akimsafisha mtoto pale kazini, aliinama karibu na kichwa chake akaona nywele zinang'aa. Msusi alikuwa amemsuka wiki tatu zilizopita, siku moja kabla ya kutogwa, na mara mojamoja alimpaka mafuta ya nywele kwenye mistari.

"Kumbe ni wewe," alisema Bi Nukta, bila hata kugeuka.

Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mikononi. "Mimi nini?"

"Mafuta yako. Yanachuruzika mpaka sikioni. Nahangaika nyumba nzima, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Yanachuruzika kulia tu? Kushoto yanaogopa?" msusi alijibu akicheka, kwa sababu alidhani ni utani.

"Usinichekee! Mtoto wa watu anaoza sikio, wewe unacheka. Ulitaka hilo tangu lini, nionekane sijui kazi?"

Mteja aliinamisha macho. Msusi akaacha kucheka. Alimaliza kichwa kile, akafunga vitu vyake kwenye kikapu, akaita kijana wa duka la jirani amshushie kioo ukutani. Mlangoni alisimama. "Miaka kumi na moja, Bi Nukta. Mungu amponye mtoto." Akaondoka. Ukutani pakabaki umbo jeupe la kioo, na misumari miwili.

Jumanne asubuhi Chiriku aliamka hataki chai. Sikio lilikuwa limevimba mpaka kifungo cha nyuma cha hereni hakionekani. Nyama ilikuwa imekimeza. Wekundu ulikuwa umepanda kutoka kwenye ndewe ukikaribia ile sehemu ngumu ya juu, na Bi Nukta alijua maana yake. Ndewe ikiugua, inapona. Ile sehemu ngumu ikiingiwa na usaha inasinyaa, na sikio la mtoto linabaki limekunjamana maisha yake yote. Alikuwa amewaambia hivyo wateja mara nyingi kuwatisha. Sasa alijitisha mwenyewe. Alimfunga mtoto kitambaa kichwani, akamshika mkono, akaenda kliniki akipitia barabara ya nyuma ili asionekane na mtu. Siku sita tangu mzee amwambie aende kwa nesi alikuwa amezipoteza kwa ajili ya kiburi, na njiani alizihesabu moja moja.

Nesi alikuwa kijana, umri wa binti yake. Alivaa glavu, akageuza kichwa cha mtoto kwenye mwanga, akalisogelea sikio kwa macho, kisha, jambo ambalo Bi Nukta hakuwahi kulifanya miaka yote ishirini na mbili, akalinusa.

"Mnampaka nini, mama?"

"Maji ya chumvi tu."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine! Mimi ndiye mtoga masikio, mwanangu, najua. Ni msusi, alimpaka mafuta ya nywele."

Nesi akanusa tena. "Siyo mafuta ya nywele. Hii ni dawa ya kuchua. Ile kali, ya maumivu ya misuli. Imemchoma ngozi, ndiyo maana ina vipele, halafu vidudu vikaingia. Nani nyumbani anajichua?"

Bi Nukta alifungua mdomo aseme hakuna. Chiriku, ambaye kwa wiki nzima alikuwa ametoa maneno yasiyofika ishirini, akamtangulia.

"Bibi, si ile ya bega lako? Mimi si nalala hapo?"

Ni kweli. Miaka ishirini na mbili ya kuinamia masikio ya watu ilikuwa imemwachia bega la kushoto linalouma, na kila jioni alilichua kwa dawa ile mpaka likapata moto. Alikuwa ameizoea harufu yake kiasi kwamba hakuisikia tena. Na tangu mama yake aondoke, mtoto hakupata usingizi mpaka alale kitandani kwa bibi, amemgeukia, sikio la kulia limelala juu ya bega la kushoto. Usiku wote. Asubuhi bibi huyohuyo alikuwa akiamka na kuchemsha maji ya chumvi.

"Sikujua," alisema. "Sikujua, jamani."

Nesi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alilegeza kifungo taratibu kwa koleo ndogo huku mtoto akiuma kitambaa cha bibi yake, akasafisha, akatoa dawa za kunywa. Kisha akachora kwa kalamu mstari mwembamba sikioni, pale wekundu ulipoishia. "Hereni ibaki kwa sasa, usaha usije ukafungiwa ndani. Siku mbili. Wekundu ukiuvuka mstari huu, usisubiri, nenda hospitali. Ukirudi chini, njoo Alhamisi."

Kumbe na wino una kazi nyingine. Siku mbili zile Bi Nukta hakufungua kazi. Alikaa na mtoto karibu na dirisha, akitazama mstari. Jumanne jioni wekundu uliugusa. Babu alitoka nje akarudi, akatoka akarudi. Jumatano asubuhi ulikuwa bado unaugusa, na Bi Nukta alikuwa tayari amepanga nguo za hospitali mkobani. Adhuhuri alidhani umeshuka, akamwita mumewe aje aone kwa macho yake, maana macho yake mwenyewe hakuyaamini tena. Mzee akavaa miwani, akatazama muda mrefu. "Umeshuka," alisema. "Unywele mmoja. Lakini umeshuka." Bi Nukta akakaa chini sakafuni akalia, na mtoto akamwambia asilie, haliumi sana.

Alhamisi nesi alisema sikio limetoka hatarini, ila tundu halifai. Aliitoa hereni na kuliacha lizibe. Baada ya miezi sita wangeweza kujaribu upya. Jioni hiyo Bi Nukta alimpigia binti yake, akamwonyesha sikio la kulia kwanza, na kumweleza kila kitu pamoja na uongo wa mtandao. Binti yake akasema, "Ungeniambia siku ile, mama," na hilo tu.

Kwa msusi alikwenda Ijumaa asubuhi, nyumbani kwake. Hakuzunguka mbuyu. "Ni mimi niliyemgusa mtoto. Kila usiku. Nimekuja kukuomba radhi."

Msusi alimtazama, kisha akamtazama mtoto aliyekuja naye, mwenye hereni moja. "Kioo kitarudi Jumatatu," alisema. "Mimi mwenyewe nipe wiki mbili tatu." Alirudi baada ya nne.

Siku hizi Chiriku anashinda kazini kwa bibi yake akitoka shule, hereni upande mmoja, na ulimi umerudi wote na riba. Kila mteja anamuuliza nyingine iko wapi, na kila mteja anasimuliwa, tangu bega hadi mstari wa wino. Bi Nukta, mwanamke wa kufuta nukta mara saba, anasikiliza hayo yote na hamkatizi. Juzi mama mmoja alileta mtoto sikio limevimba, akajikunja mlangoni akisubiri swali. Bi Nukta alinawa mikono, akainama, akalinusa sikio. "Karibu kiti," alisema. "Huyu analala na nani?"

Dawa ya kuchua ameitupa. Bega linamuuma, hasa asubuhi, naye haliongelei. Mtoto amewekewa godoro lake dogo kando ya ukuta. Jumamosi iliyopita, baada ya chakula cha mchana, Bi Nukta aliliosha bega kwa sabuni mara mbili, akabadilisha shuka, akavaa gauni lililotoka kuanikwa juani, akajilaza na kumwita. Chiriku alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda. Aliinama, akaweka pua begani, akanusa kama nesi.

"Inanukia bado, bibi. Kidogo tu."

Akamfunika bibi yake shuka mpaka kidevuni, kwa upole sana, akarudi kwenye godoro lake.