Kiti cha Simba Wawili

Jumatatu ya pili ya mwezi wa Rajabu nilimpoteza mume wangu. Alifia kwenye kiti chake, sebuleni kwetu Mtoni, baada ya swala ya alfajiri, chai ikiwa bado ya moto.

Kiti ni cha mkangazi, kimezeeka mpaka kimekuwa cheusi. Babu yake alikinunua kwa Mhindi aliyekuwa akihama. Aliyekichonga aliiga viti vya zamani vya wafalme wa Kizungu: mikono inaishia kwenye vichwa vya simba, miguu ina kucha. Mie nilikifuta vumbi miaka yote, kukikalia, hapana. Kilikuwa cha mwenyewe.

Nikaingia eda. Mjane hatoki mpaka amalize, na kila nikipita sebuleni kiti kinanitazama, mto wake bado umebonyea. Nasema kweli: nilitamani kiondoke. Kwa hiyo shemeji yangu mkubwa alipotuma ujumbe kwamba anakuja kukichukua, kwa kuwa ni cha ukoo, nilifurahi.

Alikuja na wapagazi wawili. Mie nikabaki chumbani nyuma ya pazia, nisionwe na wanaume wageni, nikiwasikia wakihema.

"Kata kushoto! Kushoto, braza, huo ni ukuta!"

Kiti hakikupita. Wakakilaza, wakakisimamisha, wakakipindua.

"Shemeji," akaniita kwa hasira, "kwani hiki kiliingiaje?"

"Kiliingia kabla ya grili."

Mume wangu aliogopa wezi. Alipoweka fremu ya chuma mlangoni na nondo madirishani, hakuna aliyekumbuka kupima kiti.

Wifi yangu, aliyekuja nao, akacheka mpaka akakohoa. "Kaka kakipa kifungo cha maisha! Segerea wenzake wanatoka kwa msamaha, hiki je?"

Mpagazi mmoja akasema miguu ikatwe. Shemeji akamtukana. Nikasema basi likatwe grili.

"Mjane yuko eda, alale mlango wazi? Watu watasemaje? Subiri umalize."

"Basi mkigeuze kitazame ukutani."

"Kiti cha babu hakigeuzwi, shemeji."

Wakakirudisha palepale, kucha zikakaa kwenye alama zake sakafuni. Wakaondoka. Wifi akatoka wa mwisho, akafunga kufuli kwa nje, akanirushia ufunguo kupitia kwenye nondo.

Ukaangukia kwenye mto wa kiti. Nikatoka chumbani kuuchukua.