Pindo la Bi Futi

Usiku ule sikulala. Simu niliiweka juu ya mto, karibu na sikio, nikimsubiri mwanangu aseme neno moja tu: njoo, au usije. Mjukuu wangu wa kwanza alishaanza kukaa bila kushikwa na mimi sijamwona hata kwa picha. Kila nilipoomba kwenda mjini, mwanangu alisema, "Tutaona, mama." Sikukuu ilipokaribia nikamwuliza waziwazi. Akasema atanijibu kwa simu. Kulipokucha nikasikia hodi, roho ikaruka. Kumbe ni Bi Futi na begi lake.

Bi Futi ni mshona mapazia. Jina alipewa kwa sababu ya ile futi ya kupimia inayoning'inia shingoni mwake hata msibani. Tunafanya kazi baraza moja, yeye na cherehani yake, mimi na vifungo vya sare za shule. Ukitaka kujua nani kagombana na nani, huna haja ya kuuliza. Kaa tu, atakwambia, na kesho atawaambia wengine kwamba wewe ndiye uliyesema. Watu hupumzika pale tu anapobana pini midomoni.

Na kazi yake inamfaa kama chanda na pete. Pazia jipya halipindwi moja kwa moja. Hutundikwa kwanza na pindo la kushikiza, likaning'inia wiki nzima mpaka kitambaa kishuke, ndipo fundi anarudi kukata na kushona pindo lenyewe. Mafundi wengine hurudi na mkasi. Bi Futi hurudi na masikio. Mara ya kwanza anapima madirisha, mara ya pili anapima wenye nyumba.

Mapazia ya mwanangu aliyashona yeye, kwa agizo la mama mzazi wa mkamwana wangu. Yalipelekwa mjini na pindo la kushikiza, na tangu hapo wimbo wake ni mmoja: lazima aende akayamalize, yasije yakamwaibisha.

"Hajanijibu," nikamwambia asubuhi ile.

"Kwani ulimzaa kwa kuomba ruhusa? Vaa twende."

Nikavaa. Mtu mwenye hamu haoni nani anamshika mkono.

Kwenye basi alimweleza kila aliyekaa karibu kwamba anakwenda mjini kikazi. Viatu vyake vya kisigino vilimshinda kabla hatujaondoka, akavivua akavipakata kama mapacha. Tukiwa katikati ya safari simu yangu ikalia. Mwanangu aliandika: "Mama njoo. Mimi niko kazini, mke wangu yupo. Ila njoo peke yako."

Nikaisoma mara mbili, nikaigeuza simu kifudifudi.

"Anasemaje?"

"Anasema karibu."

"Si nilikwambia?" Akanyoosha miguu.

Ningefanyaje? Huwezi kumshusha mtu njiani kama furushi, hata kama ni furushi.

Mji ulikuwa umejaa watu wa sikukuu na mifuko yao. Bi Futi aliujua wote, kwa maneno yake. Alituongoza kifua mbele mpaka tukatokea nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasema jengo anamokaa mwanangu limehamishwa. Huku anachechemea, huku anahukumu madirisha ya watu. "Lile pazia kalikata kipofu," alisema. Mwishowe nikamwuliza muuza duka, akanielekeza kwa kidole. Lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Tulipanda ngazi, nikapiga hodi. Mlango ukafunguka upana wa vidole viwili, mnyororo ukakaza. Nikaliona jicho la mkamwana wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo." Mnyororo haukutoka. "Na huyo?"

"Nimekuja kumalizia pindo," akadakia Bi Futi, mkasi keshautoa.

"Pindo nimeshashona mwenyewe, kwa mkono. Nililishona siku niliyoambiwa mama mkwe wangu kasema mtoto hafanani na ukoo wao."

Nikaushika mlango. "Nani kasema? Mimi?"

"Fundi wako alimwambia mama yangu, alipokwenda kumpindia mapazia ya kwake."

"Mwanangu, huyo mtoto sijamwona. Nitajuaje kama hafanani na sisi?"

Nikamgeukia Bi Futi. Yule anayesema toka alfajiri mpaka taa ziwashwe alikuwa kafumba midomo kama kabana pini zote za dukani.

"Sema," nikamwambia.

"Sikusema ulisema," akajibu, akiangalia viatu vyake. "Nilisema ukimwona, huenda ukasema."

Nikasikia mnyororo unatolewa. Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita ubavu, nikapita.

"Na mimi je, dada? Kwa miguu hii?"

"Wewe ning'inia kwanza," nikamwambia. "Ukishuka tutakukata."

Mlango ukafungwa. Mkamwana wangu akanipakatisha mtoto. Masikio yake ni ya marehemu mume wangu, yamechomoza vilevile. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti, nikajizuia, maana kuta za nyumba zile ni nyembamba.

Nje nilisikia visigino vikivaliwa upya, kisha vikisogea hatua chache kwenye ujia.

"Hodi jamani," ikasema ile sauti, tamu kama asali. "Samahani, mapazia yenu kayashona nani?"

Na mlango wa jirani ukafunguka.