Dakika Tano Kando ya Mpira wa Baba

Harufu ya oili chakavu juu ya mchanga mkavu hunirudisha, popote niwapo, kwenye kiwanja cha gofu cha mgodi wa almasi nilikokulia, nje ya mji wa Shinyanga. Nyasi laini hazikuustahimili ukame wetu. Kwa hiyo kila shimo lilizungukwa na mchanga ulioshindiliwa na kunyunyiziwa oili ya magari. Baba zetu walirudi na harufu hiyo viatuni, nasi watoto tuliiita harufu ya Jumapili.

Ili ulielewe kosa langu, msomaji, yafaa kwanza ujue tulivyolelewa. Ndani ya uzio wa mgodi hakuna aliyeinama ovyo kuokota kitu, asije akadhaniwa mwizi wa almasi. Kabla hatujajua kuandika majina yetu sawasawa, tulifundishwa kwamba ukiona kitu king'aacho ardhini usikiguse, usikisogeze kwa mguu, wala usipige kelele watu wakajaa. Simama kando yake, inua mkono wa kulia, ngoja mkubwa aje. Hata Mama, sindano yake ilipodondoka uani, alitazama kushoto na kulia kabla ya kuinama.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na umri wa miaka tisa, Baba alifika fainali ya kombe la klabu. Alikuwa mpimaji wa ardhi wa mgodi. Mpinzani wake alikuwa Bwana Kasamali, mwenye duka la vitambaa mjini, bingwa mara tatu. Ukutani mwa klabu palikuwa na ubao wa majina ya washindi, na siku moja nilimwona Baba, akidhani yu peke yake, akipima kwa vidole nafasi tupu iliyobaki chini ya jina la mwisho.

Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa. Mpira wa Baba uliruka vizuri, ukapinda kulia, ukazama kwenye majani marefu na miiba. Kanuni ilimruhusu kupiga mpira wa akiba kabla ya kwenda kutafuta, endapo wa kwanza usingeonekana. Hakuupiga, kwani mpimaji huyaamini macho yake.

"Baba Kabula, mpira wako umekwenda Kishapu kununua pamba!" alitania Bwana Kasamali walipofika majanini, akitazama saa yake, maana mpira usiopatikana kwa dakika tano ulihesabiwa umepotea. "Haya, dakika tano zimeanza."

"Hauwezi kufika Kishapu," Baba akajibu. "Hauna nauli."

Wote wawili wakainamisha vichwa, wakipekua majani kwa fimbo zao. Mimi nilizunguka upande wa pili wa kichaka, na pale, mweupe kama yai la kuku, mpira ulikuwa umetulia chini ya mwiba, na nukta mbili za wino wa buluu alizoziweka Baba zikinitazama. Nikasimama wima. Nikainua mkono wa kulia.

Baba aliinua uso mara moja, akaniona. "Ngoja kwanza, mwanangu," akasema, akarudi kwenye majani yake.

Nikangoja. Mkono ulipokufa ganzi, niliutegemeza kwa ule wa kushoto.

"Basi, ndugu yangu. Muda umekwisha," alisema Bwana Kasamali kwa upole. Hapo ndipo Baba alipokuja nilipo, akauona mpira kando ya kandambili yangu. Bwana Kasamali naye akafika, akauona.

"Kabula, umesimama hapo tangu lini?" Bwana Kasamali akaniuliza.

"Shikamoo," nilijibu kwanza, kwa hofu.

"Marahaba. Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Umesikia?" akamgeukia Baba. "Mtoto aliuona ndani ya muda. Piga, bwana, mimi sina neno."

"Yaya," Baba alikataa kwa Kisukuma, kama alivyofanya pale tu alipokuwa hataki mjadala. "Aliyeuona ni Kabula. Mimi sikuutambua kwa wakati. Umepotea."

"Umepotea vipi, nao uko hapa miguuni?"

"Umepotea, Bwana Kasamali."

Akaongeza pigo moja la adhabu katika hesabu yake, akanipita bila kunitazama, akarudi peke yake kwa miguu, juani, hadi mahali alipopigia mara ya kwanza, apige upya. Alishindwa shimo lile, na kombe likaenda na shimo. Nafasi tupu ya ubaoni ikachukuliwa na jina la Bwana Kasamali kwa mara ya nne.

Hakunikaripia. Hata hivyo, kwa miaka mingi niliibeba Jumapili ile kama hatia yangu. Nilipokuwa chuo kikuu nilizitafuta kanuni, nikazisoma neno kwa neno. Siku hizi muda wa kutafuta umepunguzwa hadi dakika tatu, lakini msingi ni uleule: mpira huhesabiwa umepotea iwapo mwenyewe hakuupata na kuutambua ndani ya muda. Kanuni ilimpa Baba haki. Mimi haikunisamehe, kwani sauti yangu moja tu ingetosha.

Baba alipokwisha kustaafu ndipo nilipomwomba radhi. Alishangaa.

"Mkono niliuona," akasema. "Nilidhani unaomba ruhusa ya kwenda chooni!"

Tulicheka mpaka machozi. Kisha akajifuta macho. "Nilikwambia ungoje, nawe ukangoja. Sasa ningemwambia nini Bwana Kasamali? Kwamba aniongezee muda kwa sababu sikumsikiliza mwanangu?"

Hapo tu ndipo nilipoielewa ile safari yake ya kurudi nyuma juani. Miaka yote nilidhani ni hasira iliyomfanya asinitazame. Kumbe alikuwa akinionea haya.