Beseni la Koko

Katika jengo letu la South End, mjini Louisville, mvua ikianza kunyesha wanawake walitoka nje na mabeseni. Majirani Wamarekani walituchungulia madirishani, na ninawaelewa. Maji yalikuwepo bombani, ya moto na ya baridi, na bado sisi tulikuwa tunapanga mabeseni chini ya paa kama watu ambao bomba lao limekauka. Lakini mtu aliyekulia kambini, kama mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi huko Kigoma, hawezi kutazama mvua ikipotea hivi hivi. Maji ya mvua hayamalizi sabuni. Sare nyeupe za kwaya tulizifulia maji hayo tu, na aliyetaka kutucheka alikaribishwa kulinganisha weupe.

Polepole mabeseni yale yakawa kipimo chetu. Nyuma ya jengo kulikuwa na maegesho ya magari, na nyuma ya maegesho kulikuwa na kijito ambacho siku za kawaida mtoto alikiruka bila kulowa. Nilipofika Amerika sikuelewa kijito kidogo vile kinawezaje kumtisha mtu. Baadaye nilielewa, na nimewaeleza wengi: ardhi ya kwetu hunywa mvua, lakini hapa ardhi imefunikwa lami na saruji, haina mdomo. Mvua yote ya mtaa hukimbilia mahali pamoja, na kwetu mahali hapo palikuwa nyuma ya jengo. Kwa hiyo mvua kubwa ikianza, kila mmoja alituma sauti kwenye kundi letu la simu, kwa sababu wengi wetu tulikuwa wazito wa kusoma na kuandika.

"Langu limefika nusu."

"Langu limejaa, na lile jiwe la kijitoni silioni tena."

"Sogezeni magari jamani, msisubiri kuimba zaburi."

Wale waliokuwa wamehamia Columbus walibaki kwenye kundi letu, maana wingu likishatuacha sisi mara nyingi lilikwenda kwao. Mmoja aliyehamia Buffalo naye alibaki, kazi yake kutuambia kwamba hatujaona theluji.

Beseni kubwa kuliko yote lilikuwa la Koko. Ndivyo Wakongo wa Kivu wanavyomwita bibi, nasi Warundi tulimwita hivyo hivyo. Alikuwa jirani yangu wa mlango kwa mlango, ghorofa ya chini. Alilea wajukuu wawili, msichana aliyekuwa anakaribia miaka tisa na kaka yake mdogo aliyekuwa bado ananyonya kidole, wakati mama yao yuko kazini kwenye ghala la vifurushi. Beseni lake lilikuwa la bluu, pana, la kuogeshea mtoto. Alilichunga kama mtu anavyochunga mbuzi. Likijaa alilipeleka ndani mwenyewe, na ukijaribu kumsaidia alikuambia, "Acha, utanivunjia mali."

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo hamtaelewa tulivyoogopa. Katika mji ule kuna hatari mbili zinazokuja na mawingu. Ya kwanza ni kimbunga, upepo unaong'oa mapaa, na dawa yake ni kushuka chini kabisa. Jengo letu lilikuwa na besimenti, chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, ambamo tulifulia nguo kwa mashine. Ya pili ni mafuriko ya ghafla, na dawa yake ni kupanda juu. Tulipofika tu kama wakimbizi, kwenye darasa la wageni, tulifundishwa habari za kimbunga kwa bidii kubwa. Mwalimu aliinama, akajifunika kichwa kwa mikono, nasi tukainama wote. Simu ikipiga kelele ya tahadhari inayotumwa na serikali, shukeni. Mwaka ule ule, majira ya kuchipua, simu zote zilipiga kelele kwa pamoja, tukashuka besimenti jengo zima, tukaimba mpaka upepo ukapita. Koko ndiye aliyeongoza wimbo. Somo lilituingia kwenye mifupa.

Ambacho hatukufundishwa, au tulifundishwa tukachoka kusikiliza, ni kwamba simu hulia sauti ile ile kwa hatari zote mbili. Tofauti iko kwenye maandishi.

Alasiri hiyo ya Julai ilikuwa ya joto la kunata. Mvua ilianza bila upepo, matone makubwa kama ya kumwaga kwa makusudi. Nilitoa beseni langu, nikamwona Koko akitoa lake, tukasalimiana. Sauti zikaanza kuingia kwenye simu. Nusu. Limejaa. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye dirisha lake lilitazama kijito, akatuma, "Jiwe halipo." Muda si muda akatuma tena, na sauti yake ilikuwa imebadilika: "Kijito hakipo. Ni maegesho yote. Watu wa chini, pandeni!"

Hapo simu zikapiga kelele. Ni sauti mbaya, kama mbuzi wa chuma. Nilichukua pasi yangu ya kusafiria na sufuria ya maharage, msiniulize kwa nini maharage, nikapanda ngazi. Watu walijaa kwenye korido ya juu. Kupitia dirisha tuliona maji ya kahawia yakizunguka magurudumu ya magari, yakibeba matawi, kiti cha plastiki, mfuniko wa pipa.

Kisha likapita beseni la bluu, likizunguka polepole, likielekea barabarani.

Kila mmoja wetu alijua kwamba Koko hawezi kuliacha beseni lile liende. Kama limekwenda, basi yeye hayupo mahali pa kuliona. Nilipiga simu yake. Haikupatikana. Na besimenti ile ilikuwa haishiki mtandao.

"Ameshuka," nikasema. "Simu imelia, ameshuka na watoto."

Mlango wa besimenti ulikuwa nje, nyuma ya jengo, chini ya ngazi za saruji zilizoshuka kama kisima. Tulipofika, kisima kilikuwa kinajaa. Maji ya maegesho yalimiminika kupita ngazini, na pale chini yalikuwa yameshafika kiuno cha mtu mzima. Mlango ule ulifunguka kuja nje, na uzito wa maji uliubana kwenye fremu yake kama mkono wa jitu. Mwanamume wa ghorofa ya juu alishuka, akavuta, akateleza, akavuta tena. Haukusogea hata kidogo. Mtu alikuwa ameshapiga simu ya dharura, akajibiwa kwamba wanakuja, lakini barabara zimefungwa na maji. Mwingine alikimbia kuzima umeme wa jengo.

Mimi nilizunguka ubavuni, kwenye kidirisha kidogo chenye nondo, nikalala kifudifudi kwenye majani. Ndani kulikuwa na giza. Nikaita.

"Wee mama!" Sauti ya Koko ilinijibu kwa ukali, kwa Kiswahili chake cha Kivu. "Unafanya nini huko inje? Upepo itakubeba! Kuja ndani!"

"Koko, si upepo! Ni maji!"

"Maji naiona, iko mu magoti. Bon, ni mvua inaingia chini ya mulango. Minaweka manguo pale. Tunangoja upepo ipite."

"Hakuna upepo, Koko! Mungu ni shahidi, hakuna hata jani linalotikisika!"

Nilisikia maji yakilamba mashine. Kisha sauti ya yule msichana, kwa Kiingereza, nyembamba kama uzi: alikuwa amemwambia bibi. Alikuwa amesoma simu, imeandika mafuriko.

"Alinambia," Koko akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mi nikasema, unyamaze, batoto habajue. Mama, banatutoa namna gani?"

Mtu aliye gizani anahitaji kazi ya kufanya, kwa hiyo nikampa kazi. Wapandishe watoto juu ya mashine. Nawe panda. Imba kitu.

"Niimbe nini?"

"Chochote, Koko. Nikusikie tu."

Akaanza kuimba. Nami nikarudi mbio nyuma ya jengo, sauti yake ikinifuata.

Yule mwanamume alikuwa ameshafikiri. Ilikuwa lazima kufunga mdomo wa ngazi, maji mapya yasiingie, kisha kuyatoa yaliyomo. Mifuko ya mchanga hatukuwa nayo. Lakini hakuna nyumba ya kwetu isiyo na gunia la mchele nyuma ya mlango, na yeye alikuwa ameshaleta moja.

"Huu mchele wa nani?" mkewe akapiga kelele.

"Wetu!"

"Basi leteni na wa wengine, msituonee!"

Yakaja. Magunia ya mchele, ya unga wa muhogo, ya maharage, tukayapanga pale juu ya ngazi na kuyakanyaga. Muhogo ulianza kuvimba na kuziba nyufa. "Bugali tayari," mtu akasema, na hakuna aliyecheka, ingawa baadaye tulicheka wiki nzima. Kisha yakaja mabeseni. Tulisimama kwenye ngazi, mwanamke juu ya mwanamke, tukachota na kupandisha, tukachota na kupandisha, kama tulivyopokezana maji kambini kutoka bombani hadi jikoni. Mikono yetu ilijua. Kiuno. Paja. Mara gunia moja lilisogea, maji yakaturudia kwa kishindo, mtu akaketi juu ya lile gunia na hakuinuka tena. Wimbo wa besimenti ulikuwa umekatika. Nilichota bila kuona, kwa sababu nilikuwa nalia na nilikuwa nasikiliza.

Maji yalipofika magotini mwanamume yule akaweka mguu ukutani, akavuta. Mlango ukafunguka kiasi cha bega. Akaingia. Akatoka na mvulana shingoni, kidole mdomoni. Kisha msichana. Kisha Koko, ameloa hadi kifuani, kanga yake imefungwa kiunoni kwa mafundo mawili, akitazama juu, mbinguni, kutafuta upepo.

Zimamoto walipofika tulikuwa juu, tunakunywa chai. Mama wa watoto alifika jioni kwa miguu, viatu mkononi, akawakumbatia wanawe mpaka mdogo akalalamika. Koko alimshika msichana kichwani na hakuuondoa mkono.

Mwezi uliofuata, adhuhuri, simu zililia tena. Nilifungua mlango nikamkuta Koko kwenye ngazi, mguu mmoja umeshapanda, wajukuu wawili mkononi. Nyuma yake jengo zima lilikuwa limetoka, wengine wanatazama juu, wengine chini, na nje anga lilikuwa na rangi ya jani bichi. Mimi niliyependa kueleza kila kitu nilifungua mdomo.

"Ngoja," Koko akaniambia. Akampa msichana simu. "Soma, mama."

Msichana alisoma taratibu, midomo ikicheza, nasi watu wazima tukaitazama midomo ile. Kisha akainua macho.

"Upepo," akasema, kwa Kiswahili.

Koko akageuka, akatazama mlango wa kuendea nyuma, kule kwenye besimenti. Akamshika mjukuu wake mkono.

"Tangulia," akamwambia, na akaanza kushuka.