Walimpeana Mtoto Wangu Nikiwapikia Chai

Admin, jina langu lifiche tafadhali, ingawa mume wangu akisoma atajijua tu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, naishi hapa Isiolo mjini, nauza madera sokoni. Mume wangu ana kazi kaunti. Tuna watoto watatu, na kitinda mimba wetu ni msichana wa miaka mitano. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo mtanivumilia.

Mzee wangu si mtu mbaya. Hanipigi, halewi, chakula hakikosi. Lakini kuongea na mimi ni kama anang'olewa jino. Ukimuuliza kazini kulikuwaje, "Sawa tu." Ukimwambia mtoto amekohoa sana, "Mpeleke hospitali." Basi. Halafu umpate na wanaume wenzake wakitafuna miraa! Hapo anaongea mpaka anasimama, anarusha mikono, anacheka. Najiuliza hayo maneno yote huwa anayaacha wapi akifika kwa mlango wangu.

Mwezi uliopita kaka yake mkubwa alikuja kutoka Kulamawe na wazee wawili. Waliketi na mume wangu kwa mkeka tangu asubuhi. Nikawapikia chai ya maziwa, nikakaanga nyama, nikawapelekea. Kila nikiingia, kimya. Nikitoka, nasikia wameanza tena. Nikafikiri ni mambo ya mifugo, nikaendelea na sufuria zangu. Walipoondoka nikamuuliza mlikuwa mnasema nini. "Mambo ya nyumbani tu."

Juzi nikapigiwa simu na mke wa huyo kaka. Mungu hajamjalia mtoto, na ni mtu ninayempenda kweli. "Salaam aleikum, dada," akasema, halafu akaanza kulia. "Mungu akulipe. Ni mama gani mwingine angenipa mtoto wake?"

Nilikaa chini hapo hapo katikati ya madera. Kumbe siku ile walikuwa wanampeana yule binti yangu mdogo! Wakala nyama niliyokaanga, wakaomba dua, wakamaliza.

Najua kwetu ndugu asiye na mtoto hupewa mtoto. Nyanya yangu mwenyewe alilelewa hivyo. Lakini mama huambiwa, jamani! Huketishwa chini akaombwa. Mimi niliombwa sukari zaidi.

Yule dada sikuweza kumfokea, kosa lake nini? Akaniuliza mtoto anapenda uji gani, analala na nani, anaogopa nini. Katika simu hiyo moja aliuliza yale wanaume hawakuuliza siku nzima. Ndipo nikamwambia, "Wamekuambia ana pumu?"

"Pumu?" akauliza. Wanaume wazima, baba mtu akiwa hapo, na hakuna aliyetaja kwamba huyu mtoto hubanwa na kifua mpaka midomo inabadilika rangi! Na kule kwao vumbi tupu, hospitali mbali. Yule dada akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie mume wako awaambie. Mimi nikisema, mzee wangu ataona nimekataa alichoniletea."

Jioni nikamkalisha baba watoto. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Na pumu je?"

"Hawakuuliza."

Hawakuuliza! Nikalia kweli, nikapiga kelele, majirani wakasikia. Yeye akaangalia simu yake. Nikasema basi mpigie kaka yako umwambie mtoto ni mgonjwa. Akasema neno lilishatoka mbele ya wazee, kulirudisha ni aibu. "Nitaona," akavaa viatu akaenda kwa wenzake.

Jumamosi wanakuja kumchukua. Baba yake ameshamwambia anaenda kuona ngamia, mtoto amefurahi, anaimba nyumba nzima. Kwa hivyo hata yeye ameambiwa, mimi ndio sijawahi kuambiwa.

Nishaurini, ndugu zangu. Niingie pale mkekani niseme mwenyewe mbele ya wazee, mume wangu aaibike na pengine anirudishe kwetu Kinna? Ama nimchukue binti yangu Ijumaa nitoroke naye? Wanawake najua mtanielewa. Nyinyi wanaume ndio nataka mnijibu. Nimeongea polepole, nimelia, nimepiga kelele. Huyu mtu nimwambie vipi ndiyo asikie kwamba mtoto wetu anaweza kufa?