Mwenyekiti Alivyopanguza Milima ya Mau

Ijumaa, saa kumi na dakika ishirini jioni, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu alimaliza kikombe cha chai kwenye kochi letu, akaniambia, "Leta hiyo picha tuone imefika wapi."

Ni picha ya kumuaga pasta. Anahamishwa, na akina mama walionelea wampe mandhari ya kwao Mau Narok, ngano ikiwa imeiva. Kazi nikapewa mimi, kwa sababu mama huniazimisha kwa watu kama sufuria. Nami kukataa sijui. Watu wawili wakiniangalia kwa pamoja, ulimi unakwama.

Nilikuwa nimeenda huko na mjomba, nikachora kwenye karatasi kwa rangi za maji nikiwa nimekaa kando ya shamba. Hiyo karatasi ndiyo ninayonakili kwenye kanvasi kubwa kwa akriliki. Ngano sasa imevunwa, yamebaki mabua. Rangi za siku ile ziko kwenye karatasi tu, na picha inatakiwa Jumapili.

Na hiyo kanvasi yenyewe! Mweka hazina alitaka ng'ombe wake wa gredi awemo. Nikamweka. Mwingine akauliza, picha ya pasta bila kanisa ni picha gani? Nikaweka kanisa katikati ya ngano. Katibu akataka flamingo. Flamingo, Mau Narok, kusiko na ziwa! Hapo nilijifanya sijasikia.

Mwenyekiti aliangalia kanvasi. "Ng'ombe amenona." Halafu akachukua karatasi. "Na hii mbona ina vumbi hivi?"

Halikuwa vumbi. Ulikuwa ukungu juu ya milima. Kwenye rangi za maji hupaki nyeupe, unaiacha karatasi yenyewe ionekane, na pale nilikuwa nimejizuia mkono mpaka ukauma. Kabla sijafungua mdomo, alichovya ncha ya leso kwenye glasi ya maji, akapanguza. Milima ikaondoka na leso.

"Ala! Kwani haikuwa imekauka?"

"Ilikauka kitambo. Ni rangi za maji, zikilowa tena zinatoka."

"Si ungesema, mrembo? Unanyamaza kama ukuta!"

"Atachora ingine," mama akasema, akimwongezea chai. Chai!

"Na hapa chini kuna nafasi," mwenyekiti akaendelea, akirudi kwenye kanvasi. "Weka ng'ombe wa pili. Huyu mmoja ataboeka."

Nikasema hapana. Ilitoka ndogo hivi kwamba mama aliniuliza kama nimekohoa.

"Hapana," nikarudia. "Siongezi. Na huyo mmoja namtoa. Na kanisa. Pasta anaenda na shamba la kwao, ama mtafute mtu mwingine."

Mwenyekiti alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kumbe haka katoto kana mdomo! Haya, toa. Lakini mwenye ng'ombe utamwambia wewe."

Jumamosi asubuhi niliweka kanvasi karibu na dirisha. Nilichanganya nyeupe na buluu kidogo na kahawia, nikapaka milima kwa haraka, kabla sijaanza kubishana na kumbukumbu. Kisha nikapaka rangi ya ngano juu ya kanisa, kisha juu ya ng'ombe. Akriliki hufunika, afadhali hiyo. Madoa meusi ya ng'ombe bado yalionekana chini ya ngano, kwa hivyo nikasubiri ikauke, nikapaka tena. Nikanawa mikono, nikampigia mweka hazina simu. Mimi mwenyewe, si mama.